Dover, 2005: majirani waliamua kabla ya jaji

Wasee, tukisikia "uchaguzi Marekani" akili inaenda moja kwa moja hadi Ikulu yao. Obama, Trump, Biden, ramani za rangi nyekundu na buluu kwenye TV hadi alfajiri. Leo nawaletea uchaguzi mdogo sana. Wagombea walikuwa 16. Ukiwapakia kwenye matatu ya abiria 14, wawili wanabaki steji. Lakini kura hiyo, iliyopigwa Novemba 8, 2005 katika mji mdogo wa Dover, jimbo la Pennsylvania, iligusa swali ambalo hata sisi huku tumewahi kulizozania: mtoto afundishwe nini kuhusu binadamu alikotoka, na ni nani mwenye haki ya kuamua?

Stori hii ikisimuliwa, mara nyingi huwa ni stori ya kortini. Kuna jaji, kuna mawakili, kuna hukumu ya kurasa 139. Kesi yenyewe ni noma, na nitaigusa. Ila naona kesi imekula sifa za watu wengine. Wapiga kura wa Dover waliamua wiki sita kabla ya jaji kutoa neno lake, na uamuzi wao ndio uliofanya mambo yaishie pale.

Kwanza tuelewane kuhusu mfumo wao, maana haufanani na wetu. Sisi siku ya uchaguzi mkuu tunapewa karatasi sita: rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake na MCA. Hakuna ya shule. Shule zetu za umma zina ile Bodi ya Usimamizi, BOM, kulingana na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, na wazazi wana wawakilishi wao ndani. Lakini hicho si kiti unachokipigia kura kwenye uchaguzi mkuu, na mtaala wenyewe unatoka KICD pale Nairobi. Pennsylvania wamepanga vingine. Jimbo limegawanywa katika wilaya za shule kama 500 hivi. Karibu kila wilaya ina bodi ya watu tisa wasiolipwa mshahara, wanaochaguliwa na wapiga kura wa eneo hilo kuhudumu miaka minne. Bodi hiyo inaajiri walimu, inaidhinisha vitabu, na inatoza kodi ya nyumba na ardhi. Sasa fikiria MCA wako angekuwa na uwezo wa kupandisha kodi ya ploti ya mzazi wako na wakati huohuo kukuchagulia kitabu cha Bayolojia. Huyo ndiye mwanachama wa bodi ya shule.

Wilaya ya Dover ilikuwa na wanafunzi kama 3,700, na kati yao karibu 1,000 walikuwa sekondari, Dover High School. Iko Kaunti ya York, na York ni ngome ya Republican. Mwaka 2004 George W. Bush alipita huko na zaidi ya asilimia 60 ya kura. Usidhani basi kwamba hapa kulikuwa na vita kati ya watu wa dini na watu wasio na dini. Wengi wa waliopigana walikuwa wakienda kanisani Jumapili, pande zote mbili. Ukilisahau hilo, hutaelewa matokeo.

Moshi ulianza mapema. Mwaka 2002, mchoro mkubwa uliochorwa na mwanafunzi, ukionyesha binadamu akibadilika hatua kwa hatua, ulitolewa kwenye darasa la sayansi na kuchomwa moto. Halafu mwaka 2004 walimu wa Bayolojia wakaomba kitabu kipya. Ni ombi la kawaida tu, kitabu cha zamani kimechakaa. Bill Buckingham, aliyekuwa akiongoza kamati ya mtaala kwenye bodi, akakataa. Alilalamika kwamba Darwin amejaa humo mno. Alan Bonsell, naye mwanachama wa bodi, alikuwa upande wake.

Oktoba 18, 2004 bodi ikapiga kura, 6 kwa 3, kwamba wanafunzi waambiwe kuna mapengo kwenye nadharia ya Darwin na wajulishwe nadharia nyingine, ikiwemo ile iitwayo usanifu wenye akili. Hoja yake ni kwamba baadhi ya viumbe vimeundwa kwa namna tata kiasi kwamba lazima kuna mwenye akili aliyevisanifu. Haimtaji Mungu kwa jina, na hilo halikutokea kwa bahati. Mwaka 1987 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa imekataza shule za umma kufundisha uumbaji kama sayansi. Jeff na Carol Brown, mume na mke waliokuwa wote kwenye bodi, walipinga, wakashindwa, wakajiuzulu usiku uleule. Hebu fikiria safari yao ya kurudi nyumbani.

Januari 2005 ilipofika, taarifa fupi ilitakiwa kusomwa mbele ya wanafunzi kabla ya somo la mageuko. Ilikuwa ya dakika moja hivi. Ilisema nadharia ya Darwin bado ni nadharia, ina mapengo, na anayetaka maelezo mengine kuna kitabu kinaitwa Of Pandas and People, nakala 60 zipo shuleni. Walimu wa sayansi wakagoma kuisoma. Ikabidi wasimamizi wa wilaya wenyewe waingie darasani, wasome, watoke. Wanafunzi ambao hawakutaka kusikia waliruhusiwa kusubiri nje.

Dakika moja tu, utasema, kelele za nini? Wazazi 11 waliona vingine. Walikuwa wameshtaki tangu Desemba 14, 2004, na jina la kwanza kwenye orodha likawa la Tammy Kitzmiller, ndiyo maana kesi inaitwa Kitzmiller dhidi ya Wilaya ya Shule ya Dover. Hoja yao ilikuwa kwamba dini imevalishwa koti la maabara, na Katiba yao hairuhusu serikali kuipigia debe dini darasani.

Huku kesi ikijipanga, uchaguzi nao ukaja. Kwa kawaida hawaendi kura wakiwania viti vyote tisa kwa mara moja. Lakini watu walikuwa wamejiuzulu, wengine wakateuliwa kujaza nafasi, na hesabu ikaangukia hapo: viti vinane kati ya tisa viko wazi. Majirani waliopinga sera wakaunda kundi, wakaliita Dover CARES. Mle ndani mlikuwa na muuguzi mstaafu, Bernadette Reinking. Mlikuwa na Bryan Rehm, aliyewahi kufundisha Fizikia hapo Dover na ambaye yeye na mkewe walikuwa miongoni mwa wale wazazi 11. Akina Rehm ni watu wa kanisa kabisa, na bado waliitwa wakana Mungu.

Kwenye mchujo wa Mei, upande wa bodi ukachukua tiketi ya Republican, na Dover CARES wakachukua ya Democrat. Baadhi yao walikuwa wamesajiliwa kama Republican! Yaani ni kama mtu wa chama kinachotamba kwenu asimame na tiketi ya wapinzani, ndani ya ngome, halafu aende kubisha mlango wa jirani anayemjua tangu utotoni. Ndivyo walivyofanya, mlango kwa mlango. Ujumbe wao haukuwa kwamba Darwin hoyee. Walisema usanifu wenye akili unaweza kujadiliwa shuleni, kwenye somo la hiari la dini au falsafa, mradi tu usiingizwe kwenye sayansi. Pia walisema bodi haisikilizi watu. Upande wa pili ulijitetea kwamba sera ni ndogo tu na inapanua mawazo ya watoto.

Kesi ikaanza Septemba 26 kule Harrisburg, mji mkuu wa jimbo, mwendo mfupi tu wa gari. Ikaisha Novemba 4. Uchaguzi, Novemba 8. Kwa hiyo wiki sita za mwisho za kampeni, magazeti ya York yalikuwa yanaleta kila asubuhi kilichosemwa chini ya kiapo jana yake. Ni mgombea gani anaomba Mungu apate hiyo?

Na yaliyosemwa hayakuwa mazuri kwa bodi. Chukua zile nakala 60. Kabla ya kesi, Bonsell na Buckingham walipoulizwa kwa kiapo ni nani aliyezilipia, hakuna aliyejitokeza kueleza. Kortini ikajulikana kwamba Buckingham alichangisha pesa kanisani kwake, kisha akaandika hundi ya dola 850 kwa jina la Donald Bonsell. Huyo ni nani? Babake Alan. Jaji mwenyewe, John E. Jones III, aliacha kungoja mawakili akaanza kumhoji Alan Bonsell kutoka kwenye kiti chake. Buckingham naye alikana kwamba aliwahi kutaja uumbaji, akasema waandishi wa habari wamemsingizia. Mawakili wa wazazi wakawasha video ya TV: ni yeye, anataja uumbaji kwa mdomo wake. Akajitetea kwamba ulimi uliteleza mbele ya kamera.

Kitabu chenyewe pia kilikuwa na siri. Mtaalamu wa upande wa wazazi, Barbara Forrest, alilinganisha rasimu za zamani na toleo lililochapishwa. Baada ya ile hukumu ya 1987, neno la "waumini wa uumbaji" lilikuwa limefutwa na "watetezi wa usanifu" likabandikwa mahali pake, sentensi zikabaki vilevile. Kwenye rasimu moja mhariri hakufuta vizuri, maneno mawili yakagandana yakawa dude lisilo na maana. Kila aliyewahi kukopi asainmenti ya rafiki akasahau kubadilisha jina anaijua hiyo aibu.

Basi Jumanne ya Novemba 8 ikafika. Kila mgombea alipata kura kati ya elfu mbili na elfu tatu. Hesabu zilipoisha, wote wanane wa bodi walikuwa chini, na viti vyote vinane vimeenda kwa Dover CARES. Bonsell chali. Sheila Harkins, aliyekuwa rais wa bodi na aliyetoa ushahidi kuitetea sera, naye chali. Buckingham hakuwepo wa kuangushwa, alishajiuzulu Agosti akahamia North Carolina. Aliyebaki ni Heather Geesey peke yake, kwa sababu kiti chake hakikuwa kwenye karatasi.

Sisi wa "fungua seva" tutapenda hii. Kwenye kituo kimoja, mashine ya kupigia kura ilimhesabia James Cashman, wa upande wa bodi, kura moja. Moja! Wenzake kwenye mashine hiyohiyo wana karibu mia au zaidi. Cashman akalalamika, na kwa haki kabisa. Uchaguzi ukarudiwa kwenye kituo hicho Januari 3, 2006. Akashindwa tena, Rehm akachukua kiti. Hakuna tairi lililochomwa.

Sasa tusidanganyane kwamba Dover nzima iliamka siku moja ikampenda Darwin. Tofauti ya kura ilikuwa ndogo. Karibu nusu ya waliopiga walitaka bodi ile irudi, hata baada ya ile hundi, hata baada ya ile video. Na wale walioishinda, naamini wengi hawakuwa wanapiga kura kuhusu visukuku. Walikuwa wamechoka kuona mji wao ukichekwa kwenye TV za dunia. Waliogopa gharama za kesi zitakazorudi kwenye kodi yao. Zaidi ya yote, wameapishwa watu unaokutana nao supamaketi, na majibu yao hayashikiki. Muumini anaweza kukusamehe mengi, lakini kusema uongo ukiwa umeapa kwa jina la Mungu, ukidai unamtetea Mungu huyohuyo? Hapo ndipo naona kura za Republican zilipohama.

Na ujue haikuwa upepo wa nchi nzima. Siku ileile, Novemba 8, Bodi ya Elimu ya jimbo la Kansas ilipiga kura 6 kwa 4 kupitisha viwango vya sayansi vinavyoitilia shaka nadharia ya mageuko. Sehemu mbili, siku moja, njia mbili tofauti. Kansas nao walibadilika baadaye, na kwa dawa hiyohiyo: uchaguzi wa 2006 ukabadilisha sura ya bodi, na Februari 2007 viwango vile vikafutwa.

Siku mbili baada ya kura, mhubiri wa TV Pat Robertson aliwaonya watu wa Dover kwamba wakipatwa na janga wasimgeukie Mungu, maana wamemfukuza mjini kwa kura.

Bodi mpya ikaapishwa mapema Desemba. Hapo ikakuta mtego. Walikuwepo watu waliotaka sera ifutwe haraka kabla jaji hajasoma hukumu, eti wilaya ikwepe gharama. Waliacha korti imalize. Desemba 20 Jones akasoma: usanifu wenye akili si sayansi, sera ile ni ya kidini na inavunja Katiba, na baadhi ya wanabodi walisema uongo. Kumbuka Jones ni Republican, aliteuliwa na Bush mwenyewe mwaka 2002. Alitishiwa maisha hadi akawekewa ulinzi.

Kawaida wilaya iliyoshindwa ingekata rufaa. Ikipanda ngazi, inaweza kufika Mahakama ya Juu, na hapo hakuna anayejua ingeangukia wapi. Lakini wilaya ni nani? Ni bodi. Na bodi sasa ni akina Reinking, ambao hawakuwa na sababu ya kukata rufaa dhidi ya hukumu waliyoitaka. Kesi ikafia hapo. Ndiyo maana nasema watu wamempa jaji sifa zote bila haki. Bila kura ya Novemba, hukumu ya Desemba ingekuwa raundi ya kwanza tu. Na kuna upande wa pili wa shilingi ambao mashabiki wa kesi hawapendi kuutaja: kwa kuwa haikupanda, hukumu inafunga kisheria eneo dogo tu, wilaya ya kati ya mahakama za Pennsylvania. Kwingine inanukuliwa, inatisha bodi nyingine, lakini haiwafungi.

Huku kwetu mzozo kama huo ulikuja mwaka 2006, wakati Makumbusho ya Nairobi yalipokuwa yanakarabatiwa. Askofu Boniface Adoyo aliongoza kampeni ya kupinga visukuku vya binadamu wa kale kupewa nafasi ya mbele kama ushahidi wa mageuko. Cha kuzozaniwa zaidi kilikuwa Kijana wa Turkana, mifupa aliyoigundua Kamoya Kimeu kule Nariokotome mwaka 1984, ya miaka kama milioni moja na nusu. Richard Leakey akamjibu kwa ukali. Jumba lilipofunguliwa tena, Kijana alikuwepo, na ukienda leo utamwona. Mimi nilifurahi kumkuta pale. Lakini angalia tofauti: Askofu alikuwa na mimbari, Leakey alikuwa na jina, makumbusho walikuwa na ofisi. Wewe na mimi tulikuwa watazamaji. Dover, fundi wa magari asiye na digrii alikuwa na kura sawa na profesa, na alijua ni nani wa kumwondoa akikosea. Mfumo huo una hatari yake, kwa sababu ndio huohuo uliomweka Buckingham pale mwanzoni, kwa kura halali, wakati watu hawakuwa makini na nafasi wanayodhani ni ndogo. Hata hivyo, mkinipa nafasi ya kuchagua kati ya hizo mbili, nachukua ya fundi.

Bodi mpya ilifuta sera ile rasmi Januari 3, 2006, siku ileile ya marudio ya kituo cha Cashman. Kisha bili ikaja. Mawakili wa wazazi walikuwa na haki ya kudai zaidi ya dola milioni mbili, wakakubali kupunguza. Februari, wale waliopinga sera tangu mwanzo wakajikuta ndio wanaokaa mezani kupitisha malipo yake kutoka kwenye kodi za mji: dola 1,000,011. Milioni moja ni ya mawakili. Zile 11 ni fidia ya wazazi, dola moja kwa kila mmoja, na mmoja wao, Bryan Rehm, sasa alikuwa kwenye bodi inayolipa.